Namna ya Kutunza Chapa ya Ubao ya Ushiwakamaru Nyumbani Dodoma

Chapa ya Kijapani, yaani picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa, inayomwonyesha Ushiwakamaru, kijana ambaye baadaye alijulikana kama shujaa wa vita Minamoto no Yoshitsune (1159–1189), akiruka kwa wepesi juu ya daraja la Gojo mjini Kyoto huku mtawa Benkei akimshambulia, kwa kawaida huchapwa kwa rangi za maji juu ya karatasi ya nyuzi za mforosadi. Kwa hiyo huharibiwa upesi na mwanga na unyevu.

Hapa Dodoma, jua ndilo la kuogopwa zaidi. Chagua ukuta wa ndani usiofikiwa na miale ya asubuhi wala ya jioni, kwani rangi nyingi za chapa za zamani hupauka, na rangi iliyopauka hairudi.

Ukiipeleka kwa fundi fremu, msimamie mwenyewe. Asiibandike yote kwa gundi ya mbao, wala asipunguze kingo ili itoshee fremu aliyonayo, maana mara nyingi huko ndiko kuna jina la mchapishaji. Mwombe aishikize kwenye ukingo wa juu pekee, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba vilivyopakwa wanga wa ngano uliopikwa, kisha aweke kadi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati ili picha ionekane, kati ya chapa na kioo ili visigusane.

Vumbi la kiangazi, ambalo halina adabu, lizuiwe kwa kuziba mgongo wa fremu. Kioo kipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, bila kukinyunyizia maji.