Kabla dalali hajagonga nyundo: mambo ya kuzingatia kwa anayewinda sanamu za shaba

Kwa Kiswahili, nyaya za umeme ni shaba, sinia la kahawa la bibi ni shaba, na mshindi wa tatu huvishwa medali ya shaba. Ni neno moja kwa vitu vitatu tofauti. Nyaya ni shaba nyekundu tupu. Sinia ni shaba iliyochanganywa na zinki. Medali, kama aliyeitengeneza hakubana matumizi, ni shaba na bati, mchanganyiko ambao kamusi zetu huuita shaba nyeusi na wengi siku hizi huuita bronzi. Nyumbani tofauti hiyo haimdhuru mtu. Kwenye mnada wa Ulaya inaweza kula mshahara wa mwezi, kama ilivyokula wangu.

Nilinunua farasi mwenye mpandaji katika mnada mdogo wa mashambani huku Uingereza ninakoishi. Katalogi iliandika kwamba ana rangi ya shaba. Mimi nilisoma kwamba ni wa shaba. Nilipomwinua mezani nikashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, na wiki mbili baadaye mguu mmoja ukakatika kwenye kifundo. Ndani palikuwa na rangi ya kijivu kama sufuria kuukuu. Alikuwa wa zinki. Simlaumu dalali, maana yeye aliandika ukweli.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuijua zinki. Karne ya 19, familia za kipato cha kati Ulaya zilitaka sanamu sebuleni bila kulipa bei ya shaba. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, chini ya nusu ya joto linalohitajiwa na shaba nyeusi, basi ikawa rahisi kuisubu, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, kisha ikapakwa rangi ya kahawia na kupelekwa dukani. Ni nyepesi kuliko shaba na huvunjika pembamba: kwenye kifundo cha mguu, kwenye upanga, kwenye hatamu. Geuza sanamu, tafuta mahali palipokwaruzika chini ya kitako. Mkwaruzo wa kijivu au wa fedha ni zinki, wa manjano au mwekundu ni jamii ya shaba. Igonge kwa kifundo cha kidole. Shaba huitika kwa mlio unaokaa kidogo, ilhali zinki hutoa sauti ya kufa. Kuna wanaokuja na sumaku wakidhani wamemaliza kazi. Sumaku haishiki shaba, na zinki pia haiishiki, hivyo itakuonyesha chuma tu. Tena ziko sanamu za plastiki iliyochanganywa na unga wa shaba. Hizo shavu lako litazijua, kwa sababu shaba halisi ni baridi ukiigusa asubuhi na plastiki siyo.

Tuseme ni shaba kweli. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapa ndipo wanunuzi wengi, hata wenye fedha, huteleza. Watu huuliza, "Hii ni ya nani?" Swali hilo linafaa kwa picha iliyochorwa kwa rangi, kwa kuwa picha ni moja. Mchongaji wa sanamu ya shaba hufinyanga kwa udongo au nta. Karakana huchukua umbo lake kwenye kalibu, kisha humimina shaba, na kalibu hiyo ikitunzwa inaweza kuzaa sanamu tano au mia tano, mchongaji akiwa hai au akiwa kaburini. Swali lenye faida ni hili: nani aliisubu, lini, na kwa ruhusa ya nani?

Chukua mfano wa Antoine-Louis Barye, Mfaransa aliyefariki mwaka 1875, bingwa wa simba, chui na tembo wa shaba. (Hakukanyaga Afrika hata siku moja. Wanyama wake aliwachungulia kwenye bustani ya Jardin des Plantes mjini Paris, na mimi nikimtazama simba wake huona macho ya mnyama aliyezoea kutazamwa.) Barye alisimamia mwenyewe kazi nyingi za karakana yake, na sanamu za wakati huo zina ukali wa manyoya na misuli unaoonekana hata kwenye picha. Alifilisika mwaka 1848, kalibu zake zikaangukia mikono ya mdai. Baada ya kifo chake, mali ya karakana ilinadiwa mwaka 1876, na nyingi ya kalibu akazinunua Ferdinand Barbedienne, mwenye kiwanda kikubwa cha kusubu mjini humo. Barbedienne aliendelea kusubu miaka mingi. Kwa hiyo zipo Barye zilizosubiwa na Barye, zipo Barye za Barbedienne, halali kabisa ila za bei nyingine, na zipo Barye za watu wasiojulikana. Zote zina sahihi yake, kwa sababu sahihi imo ndani ya kalibu. Sahihi kwenye shaba haithibitishi chochote peke yake.

Barbedienne huyohuyo alishirikiana na Achille Collas, mvumbuzi wa mashine ya kupunguza ukubwa wa sanamu kwa vipimo sahihi. Ndiyo maana sanamu moja maarufu unaweza kuikuta mnadani kwa kimo cha mtu, cha mkono na cha kiganja, na zote zikawa na muhuri wa kiwanda.

Auguste Rodin, mchongaji mwingine Mfaransa, naye aliikabidhi serikali ya Ufaransa kazi zake na haki zake mwaka 1916, akafariki mwaka uliofuata, na jumba la makumbusho lenye jina lake likaendelea kusubu kwa haki hiyo. Ufaransa ilikuja kuweka mpaka wa sanamu 12 kwa kila kazi: nane zenye namba za kawaida, nne zenye namba za Kirumi. Chochote nje ya hapo ni nakala tu, na tangu amri ya 1981 kinapaswa kuandikwa hivyo kwenye shaba yenyewe, kwa herufi zisizofutika. Kwa hiyo ukiona 3/8 pembeni mwa kitako, hiyo ni habari. Ukiona 212/500, hiyo pia ni habari.

Mchongaji wa Uswisi, Alberto Giacometti, alisubu sanamu yake ya mtu anayenyoosha kidole mara sita, na ya saba akabaki nayo yeye. Moja kati ya hizo iliuzwa kwenye nyumba ya mnada ya Christie's, New York, Mei 2015, kwa dola milioni 141.3. Uchache unaojulikana ndio uliolipiwa, pamoja na mkono wa msanii.

Walaghai nao wanalijua hilo. Njia yao ya zamani ni kuchukua sanamu halali, kuitengenezea kalibu mpya juu ya shaba yake, na kusubu nyingine. Lakini shaba ikipoa husinyaa, asilimia 1 hadi 2 hivi. Sanamu ya sentimita 40 huzaa mtoto aliyepungukiwa milimita 4 hadi 8. Kwa hiyo kabla ya kwenda, tafuta vipimo vya sanamu hiyo vilivyochapishwa na makumbusho au na wataalamu wa msanii huyo, andika kwenye karatasi, na uende na futi ya chuma. Sijaona chombo cha bei ndogo kama hicho kilichookoa fedha nyingi hivyo. Nakala hiyo pia huwa butu: kucha za simba hulainika, na vidole vya mtu hushikana kama vimevaa glavu.

Baada ya hayo soma katalogi kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Jina kamili la msanii lililoandikwa peke yake maana yake dalali anasimamia kuwa ni yake. Likitanguliwa na "inadhaniwa", hasimamii. Neno la kuogopa ni dogo zaidi: katalogi za Kiingereza huandika after na za Kifaransa d'après, yaani "kwa kumfuata". Sanamu ya "kwa kumfuata Barye" inaweza kuwa ilisubiwa mwaka jana. Tafuta pia tarehe mbili, ya kubuniwa na ya kusubiwa. Ikitajwa moja tu, andika barua pepe uulize nyingine, na ulitunze jibu.

Siku ya maonyesho kabla ya mnada, nenda mwenyewe ukiweza. Nenda na tochi. Omba kuona chini na ndani, maana juu pameshapakwa na kusuguliwa na wenye nia njema na mbaya, ilhali ndani hakuna anayepahangaikia. Shaba ya zamani ndani yake huwa na weusi usio sawa, mabaki ya kalibu, vumbi la miaka. Ndani pakiwa panang'aa manjano kama bomba jipya, na nati ni za dukani, uliza maswali. Rangi ya nje, ile wanayoiita patina, iangalie kwenye mikunjo: ya kweli hubadilika pole pole palipozoeleka kushikwa, ya kupaka huisha ghafla. Usipoweza kwenda, omba ripoti ya hali na picha za chini ya kitako, na utaje unachotaka kujua: nyufa, kulehemu, sehemu zilizobadilishwa, kitako kama ni chake. Jibu la "hali nzuri kwa umri wake" si jibu, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna mambo mawili yanayotuhusu sisi wa Afrika kwa karibu zaidi.

Kwanza ni pembe za ndovu. Miaka ya 1920 na 1930, wachongaji kama Demétre Chiparus mjini Paris na Ferdinand Preiss mjini Berlin walitengeneza wacheza ngoma wenye nguo za shaba na nyuso na mikono ya pembe. Mtindo huo ulikuwa umechochewa Ubelgiji, ambako utawala wa Mfalme Leopold II uliwagawia wachongaji pembe kutoka Kongo na kuonyesha kazi zao Tervuren, karibu na Brussels, mwaka 1897. Leo sheria ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza biashara ya pembe isipokuwa kwa ruhusa finyu, mojawapo ikiwa ya vitu vya kabla ya 1947 ambavyo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo, navyo lazima visajiliwe. Kuvivusha mpaka kunahitaji vibali vyake. Ukifika nazo Mombasa au Dar es Salaam bila karatasi hakuna atakayekuuliza msanii alikuwa nani. Mimi sizigusi, na si kwa kuogopa forodha tu.

Pili ni kazi za Benin, Nigeria, ambazo dunia huziita za bronzi ingawa nyingi ni shaba na zinki. Askari wa Uingereza walizipora katika kasri la Oba, yaani mfalme wa huko, mwaka 1897. Chuo Kikuu cha Aberdeen kilinunua kichwa kimoja cha Oba kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 1957, kwa pauni 750, kikakirudisha Nigeria mwaka 2021. Risiti ya mnada haikukisafisha. Kwa hiyo uliza mtiririko wa wamiliki, na kwa kazi za kale au za Afrika na Asia uliza hasa ilikuwa wapi kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za urithi. Hata sanamu za kisasa huibiwa: Desemba 2005, kazi ya mchongaji Mwingereza Henry Moore yenye tani mbili na zaidi ilibebwa na lori kutoka uwanja wa taasisi yake Uingereza, na polisi waliamini iliishia kuyeyushwa kama chuma chakavu.

Sasa fedha. Bei ya nyundo si bei utakayolipa. Nyundo ikigonga pauni 1,000, na ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, unaongeza 250. Juu ya ada hiyo kuna kodi ya asilimia 20, yaani 50. Umefika 1,300 kabla hujagusa sanamu. Ukinunua kwa mtandao, jukwaa nalo huomba lake, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Msanii akiwa hai, au kama amefariki chini ya miaka 70 iliyopita, huenda ikadaiwa haki ya msanii, ambayo huanzia asilimia 4 na kiwango hushuka bei inapokuwa kubwa. Anza na jumla uliyo nayo mfukoni, rudi nyuma kwa hesabu, upate dau lako la mwisho. Liandike kwa wino. Ukumbi una joto lake, na yule anayepanda dau nawe kwa simu humwoni uso.

Usafiri ni mfupi kuuelezea na mrefu kuulipia. Shaba ya nusu mita yaweza kuwa kilo 20, kitako cha marumaru kifungashwe peke yake, na nyumba nyingi za mnada hazitakufungashia. Pata bei ya msafirishaji, na ya wakala wa forodha kama inakwenda Afrika Mashariki, kabla ya siku ya mnada. Ukichelewa kuichukua, stoo huanza kuhesabu siku.

Na iandalie mahali. Unyevu wenye chumvi wa pwani ni adui wa shaba. Ukiona unga wa kijani hafifu unaotoka ukifutwa na kurudi tena, sanamu inaliwa, itenge na umwite mtaalamu. Kwa siku za kawaida inatosha brashi laini na kitambaa kikavu. Halafu zungumza na watu wa nyumbani kabla haijafika. Sisi tumelelewa kwenye nyumba ambamo shaba isiyong'aa ni aibu mbele ya wageni. Dada yangu alikaa kwangu wiki moja, nikamkuta sebuleni na kopo la Brasso mkononi, simba wangu akiwa tayari ameshang'arishwa sikio moja.