SOMO: Kuchukua advansi kwenye kesi ya fidia kabla haijaisha (kwa walioko Marekani)

Naandika mara moja, ili anayeuliza tena nimwelekeze hapa. Advansi ni pesa ambazo kampuni inakupa sasa, nawe unailipa pamoja na riba kutoka kwenye fidia kesi ikiisha.

1. Uwe na wakili. Bila wakili kampuni hizi hazikusikilizi.

2. Peleka maombi. Mshahara wako si hoja kubwa kwao. Wanapima kesi: ripoti ya polisi, rekodi za hospitali, bima ya mdaiwa (yule unayemdai fidia).

3. Waache waongee na wakili wako. Usiwatumie mlichoandikiana naye. Siri ikishatoka nje, mdaiwa anaweza kudai aione.

4. Mkataba. Hapa ndipo nilipoumia. Nilichukua dola 5,000 baada ya ajali, mguu uko kwenye plasta na kodi ya nyumba imechelewa miezi miwili. Niliona 4% kwa mwezi, nikasema ni ndogo. Sikusoma mstari uliofuata: kila mwezi riba inaingizwa kwenye deni, nayo inaanza kuzaa. Kesi ilichukua miezi 30 na deni likafika dola 16,217. Riba isiyozaliana ingefikisha 11,000, na hizo nazo ni nyingi. Fidia ilikuwa 60,000. Wakili alichukua theluthi, hospitali na gharama za kesi zikala 18,500, ikafuata kampuni ya advansi. Nilibaki na 5,283, na bado nachechemea.

Kabla hujasaini, dai karatasi inayoonyesha utadaiwa kiasi gani baada ya miezi 6, 12, 24 na 36. Uliza deni lina kikomo? Angalia ada ya kufungua faili, maana mara nyingine nayo inatozwa riba. Wakikataa kukupa hesabu hiyo, ondoka. Na chukua kiasi kidogo kabisa kinachokuvusha.

5. Wakili akishasaini, pesa huingia ndani ya siku chache.

MASWALI

Msafiri: Sijasoma yote mkuu, nipe tu namba ya kampuni inayotoa haraka.
— Sitoi namba. Soma hatua ya 4.

Msafiri: Mbona mkali? Si ni mkopo tu?
— Nimelipa 16,217, ndugu yangu. Soma.

Mama Pili: Nikishindwa kesi, watanidai?
— Hapana dada, mradi hukuwadanganya. Ukishindwa, hasara ni yao. Ndiyo sababu wanayotoa ya kutoza ghali, na wengi wao hukataa kabisa neno "mkopo". Colorado, Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo mwaka 2015, ikasema ni mkopo na sheria za mikopo zinawahusu. Kwa hiyo muulize wakili jimbo lako linasemaje.

Mama Pili: Wakili mwenyewe hawezi kunikopesha?
— Swali zuri. Anaweza kutanguliza gharama za kesi, lakini maadili ya kazi yake katika majimbo mengi yanamkataza kukukopesha pesa za kula na za nyumba. Mwombe aiandikie hospitali barua kwamba italipwa kutoka kwenye fidia. Wengi husubiri, nawe unaweza usihitaji advansi. Mimi sikujua.

Juma_K: Kesi yangu iliisha, nalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Naweza kuuza malipo yajayo?
— Hilo ni jambo jingine, kaka. Lazima jaji aridhie kwamba linakufaa wewe na wanaokutegemea. Tangu 2002, mnunuzi asiye na kibali cha jaji hutozwa na serikali kuu kodi ya 40% ya kile anachokukata, yaani tofauti kati ya jumla ya malipo anayonunua na bei anayokulipa. Uza sehemu tu, na upate bei kwa wanunuzi watatu kwanza.