Mvua zimeanza, mbuzi wageni wamefika: usiwashushe bondeni

Mbuzi tisa na kondoo watano niliwahamishia Usagara, mkoani Mwanza, vuli ikiwa ndiyo imeanza. Nyasi zilikuwa mbichi hadi bondeni, na majirani walinishangaa: mama, mbona unawafungia na malisho yapo tele? Niliwafungia kwa sababu nilishaumia. Zamani, nikiwa Sengerema, nilinunua beberu mnadani na jioni ile ile nikamlaza na wenzake. Alikohoa kidogo, nikadhani ni vumbi la njiani. Kabla wiki mbili hazijaisha nilikuwa nimezika mbuzi wanne.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo, na umuulize habari ya chanjo za sotoka ya mbuzi na kondoo na ya homa ya mapafu. Safiri alfajiri. Sakafu ya gari itandikwe nyasi kavu wasiteleze.

Banda lijengwe kwenye mwinuko, si kwenye mbuga ya tambarare, maana udongo wake mweusi haukauki upesi. La mbuzi wangu limeinuliwa mita moja, mbao zimeachana sentimita moja na nusu: kinyesi kinapita, mguu wa mtoto wa mbuzi haupiti. Mlango uwe imara. Fisi hawabishi hodi.

Wageni wakae peke yao wiki tatu. Siku ya kwanza wape maji na nyasi kavu tu, wapumzike. Kesho yake angalia kope. Mshike kichwa, bonyeza kope ya juu taratibu kwa kidole gumba, kisha vuta ya chini ikunjuke, usimame kwenye mwanga wa jua. Ndani kukiwa kwekundu, mshukuru Mungu. Kukipauka au kuwa kweupe, huenda minyoo imemnyonya damu. Dawa mpe kwa uzito aliopimwa kwenye mizani, kwa sababu dozi ya kukisia ikiwa pungufu huzoesha minyoo dawa. Jike mwenye mimba changa mtaje kwa mtaalamu mapema. Albendazo, kwa mfano, haimfai mwezi wa kwanza.

Malisho mabichi uwazoeshe polepole. Washibe nyasi kavu kwanza, halafu nje kwa muda wa saa moja, kesho kwa muda wa saa mbili, hivyo hivyo hadi wiki mbili. Anayekula majani mororo ghafla anaweza kuvimba tumbo akafa siku hiyo hiyo. Subiri umande ukauke, maana viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani yakiwa na unyevu. Bondeni kabisa, kwenye maji yaliyotuama, mimi nimeweka uzio: kuna konokono wanaobeba minyoo ya ini.

Kondoo wanatosheka na nyasi. Mbuzi nawakatia lukina, mti wa malisho, na matawi ya milonge. Majani ya muhogo nayaanika mpaka yakauke kabisa, yakinyauka tu bado yana sumu. Na jiwe la madini wanalolamba mbuzi lisiwe mbele ya kondoo. Shaba iliyomo humdhuru taratibu bila wewe kujua.

Kila jioni nilitikisa ndoo ya pumba nikiwaita kwa sauti ile ile. Siku ya kumi na moja wingu zito lilitanda kutoka ziwani, na kabla sijaigusa ndoo, kondoo jike mwenye doa shingoni alikuwa ameshawaongoza wote hadi mlangoni.