Somo: Kuandika malengo ya mtoto wa awali (akili, mwili, hisia)

Nimejibu swali la namna ya kuandika malengo haya vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka lote hapa. Ni kwa mtoto wa miaka 5.

1. Mwangalie siku 3 akicheza bila kumwelekeza. Andika anachoweza tayari.

2. Chagua malengo 3 tu, moja kwa kila eneo. Muda: wiki 4.

3. Mwili: "Ataruka kwa mguu mmoja mara 5 bila kushikwa."

4. Akili. Hapa ndipo tunapoharibu, nami nimo. Usiandike "atajua namba 1 hadi 10". Mtoto anaweza kuziimba zote na asijue idadi. Mwaga vizibo 7 vya soda mkekani, avihesabu kwa kugusa. Tazama kidole, usisikilize mdomo: kikigusa viwili kwenye "tatu" au kikiruka kimoja, bado. Akimaliza, muulize, "Viko vingapi?" Akianza upya kuhesabu badala ya kusema "saba", hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi. Basi andika: "Atahesabu vizibo 7 kwa kugusa kimoja kimoja na kutaja idadi bila kurudia, mara 3 kati ya 4."
ANGALIZO: usivipange mstari kila siku. Siku vikitawanyika atapotea, nawe utadhani amesahau. Na usiongeze idadi kabla hajatimiza hiyo.

5. Hisia. Usiandike "hatalia". Mtoto anayeogopa fimbo naye hunyamaza. Andika: "Akinyang'anywa kitu, atasema 'nimekasirika' au atamwita mwalimu badala ya kupiga."

6. Pima mara moja kwa wiki: bado / kwa msaada / peke yake.

MASWALI

– Mkuu, naomba malengo ya darasa zima yakiwa tayari, kesho nina ukaguzi.
– Rudi hatua ya 1. Watoto wako sijawaona.

– Si ni yale yale ya kwenye muhtasari wa masomo?
– Hapana. Muhtasari unasema darasa lifike wapi. Haya yanasema mtoto huyu ameanzia wapi.

– Mwalimu, nina watoto 60 peke yangu. Nitawapimaje wote?
– Swali zuri. Gawa makundi 5 ya watoto 12, kila kundi siku yake. Kuruka wapime wote wakati wa michezo. Vizibo, mwite mmoja mmoja mkekani wenzake wakichora; dakika 2 zinatosha. Hisia huziiti, zinajitokeza: weka daftari mfukoni, andika pale pale ugomvi unapotokea.

– Wangu anashika penseli kwa ngumi. Nimkaze vidole?
– Usimkaze. Mpe kipande cha chaki cha sentimita 3. Ngumi haikiwezi, vidole vitajipanga vyenyewe. Abane na kubandua vibanio vya nguo pia.

– Naongezea: afinyange. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta kijiko 1, maji kidogo kidogo mpaka usigande mikononi. Funga kwenye mfuko usikauke.
– Asante. Chumvi hiyo ni nyingi, asile.