Kutoka kea hadi social worker: mwongozo wa kazi ya ustawi wa watu wazima England

Wengi wetu tuliofika Uingereza tuliingia sekta ya matunzo kwa mlango mmoja: kea. Unaogesha wazee, unawalisha, unawageuza kitandani, unakimbizana na zamu za usiku. Kisha siku moja anakuja mtu mwenye kitambulisho cha halmashauri shingoni. Anakaa na mzee wako saa nzima, anauliza, anaandika, anaondoka. Baada ya wiki chache unaambiwa mzee yule atatembelewa mara nne kwa siku badala ya mbili. Huyo ndiye social worker, ambaye Tanzania tunamwita afisa ustawi wa jamii. Namwandikia anayetaka kushika kazi hiyo, na hasa yule aliyesomea ustawi wa jamii kwenye chuo cha Kijitonyama pale Dar es Salaam, Makerere au Nairobi, akaja huku, na cheti chake kimelala kwenye sanduku chini ya kitanda.

Ninachoeleza hapa ni England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina msajili wake na sheria zake.

Jambo la kwanza ni usajili. Jina la social worker linalindwa na sheria England tangu mwaka 2005, na msajili tangu Desemba 2019 ni Social Work England. Kujiita hivyo bila kuwa kwenye daftari lao ni kosa la jinai, hata kama nyumbani ulifanya kazi hiyo miaka kumi. Kwenye CV andika cheo chako kama kilivyokuwa, taja nchi na mwajiri, na subiri namba ya usajili kabla ya kujiita social worker wa hapa.

Mwenye shahada ya nyumbani anaomba usajili moja kwa moja kwa Social Work England, nao hulinganisha mafunzo yake na viwango vyao. Hapa ndipo watu wetu hukwama, kwa sababu cheti na matokeo peke yake havitoshi. Watataka kujua kila somo lilifundisha nini, na mafunzo ya vitendo yalikuwa ya saa ngapi, wapi, chini ya usimamizi wa nani. Kwa hiyo agiza chuoni mtaala wa miaka uliyosoma wewe, si wa sasa, pamoja na barua yenye mhuri inayoeleza field yako. Mtume ndugu aende ofisini kwao mwenyewe. Barua pepe kwa vyuo vyetu zinaweza kukaa miezi bila jibu. Utahitaji pia uthibitisho wa Kiingereza na ushahidi wa tabia njema: Mkenya atauchukua idara ya upelelezi (DCI), Mtanzania ataupata polisi.

Asiye na shahada hiyo ana njia tatu kuu: shahada ya kwanza ya miaka mitatu, uzamili wa miaka miwili kwa mwenye shahada nyingine, au uanagenzi wa ngazi ya shahada, ambapo mwajiri anakulipa mshahara huku unasoma na ada haitoki mfukoni mwako. Kwa mtu mwenye familia na kodi ya nyumba, mimi ningetafuta uanagenzi kabla ya kitu kingine chochote. Una masharti ya ukaazi na nafasi ni chache, lakini halmashauri huwa zinazijaza kwanza kwa watu walio ndani tayari. Ndiyo maana nakushauri uvuke kutoka kea kwenda kazi ya msaidizi wa social worker au mtathmini katika halmashauri. Kazi hizo hazihitaji usajili, zinakufundisha kufanya tathmini, na meneja anakujua kwa jina nafasi ikitangazwa. Njia yoyote utakayoshika, jiandae kwa siku 170 za vitendo kazini wakati wa masomo. Ukiwa mwanafunzi wa kawaida siku hizo hazina mshahara.

Kuhusu viza: tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawawezi tena kuleta kea wapya kutoka nje ya nchi. Social worker yumo katika kazi za ngazi ya shahada, kwa hiyo mlango wake haukufungwa siku ile. Matapeli wanalijua hilo. Mtu akikuahidi nafasi ya social worker kwa malipo wakati huna usajili, anakuibia, kwa sababu hakuna mwajiri anayeweza kukuweka kwenye kazi hiyo bila namba. Na wakala wa ajira Uingereza haruhusiwi kisheria kukutoza ada ya kukutafutia kazi.

Sasa kazi yenyewe. Msingi wake ni sheria iitwayo Care Act ya 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2015. Mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada ana haki ya kutathminiwa na halmashauri, awe na fedha au asiwe nazo. Unaangalia mambo kumi ya maisha ya kila siku, kama kula, usafi wa mwili, kwenda msalani, kuvaa, kuwa salama nyumbani na kudumisha uhusiano na watu. Akishindwa mawili au zaidi kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, na hali hiyo ikaathiri sana ustawi wake, anastahili. Baada ya hapo ndipo linakuja suala la nani atalipa. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida atajilipia mwenyewe.

Ukisoma fomu utadhani ni kazi ya kuweka tiki. Chukua mfano wa mama wa miaka themanini na kitu, anayeishi peke yake. Mwanawe amepiga simu kwamba mama hawezi tena, apelekwe nyumba ya wazee. Unabisha hodi, mama amevaa vizuri, anakukaribisha, anasema hana shida. Ukimuuliza kama anapika atasema ndiyo, na ukiandika ndiyo umeshamkosa. Mwombe mtengeneze chai pamoja. Utaona anaegemea kaunta kwa mkono mmoja, na birika analijaza kwa kikombe kwa sababu likijaa hawezi kulinyanyua. Kwenye friji kuna mkate na maziwa tu. Barua zimerundikana nyuma ya mlango, na pakiti za dawa za mwezi uliopita hazijafunguliwa. Uliza taratibu juu ya kila ulichokiona, naye atakueleza mengi ambayo fomu isingeyatoa.

Anahitaji msaada, ila hataki kuhama. Malezi yetu yanatusukuma tukae na mtoto mkubwa, tukubaliane, halafu mama ajulishwe. England huwezi kufanya hivyo. Mental Capacity Act ya 2005 inakutaka uanze kwa kuamini kwamba mtu ana uwezo wa kuamua, umsaidie kwa kila njia aamue mwenyewe, na usihesabu uamuzi usio wa busara kuwa dalili ya kukosa uwezo. Kama mama anaelewa kwamba anaweza kuanguka usiku, anakumbuka mliyozungumza, anapima faida na hasara na kukwambia jibu lake, basi atabaki nyumbani kwake. Kazi yako ni kuifanya hatari ipungue: kea asubuhi na jioni, kengele ya dharura shingoni, mtaalamu wa tiba ya vitendo aje kuangalia bafu na jiko. Mtoto atakasirika. Umsikilize kwa heshima, umpe tathmini yake mwenyewe kama mlezi, maana sheria inampa haki hiyo, lakini usimkabidhi uamuzi wa mamaye. Naliona hili kuwa jambo gumu kuliko yote kwa sisi tuliolelewa kwa namna ile, na anayelimudu anakuwa mzuri sana katika kazi hii, kwa sababu heshima kwa wazee anayo tayari.

Kuandika kutakula muda zaidi ya ziara. Usiandike "mama ni mchafu". Andika: "Alisema hajaoga tangu Jumapili kwa sababu anaogopa kuteleza." Sentensi ya pili ina siku, ina sababu, ina sauti yake, na hakimu akiisoma inasimama.

Utakutana na watu wetu pia. Kesi ya ndugu, jirani au muumini mwenzako usiipokee. Mwambie meneja mapema. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mzazi, hata akisisitiza, kwani mama hatasema mbele ya mwanawe kwamba anapigwa au anajikojolea. Na waeleze walio na viza zenye katazo la fedha za umma kwamba matunzo chini ya Care Act hayamo kwenye orodha ya fedha hizo. Yapo makundi yaliyozuiwa na sheria ya uhamiaji ya 2002, nayo hupewa msaada pale tu ambapo kuwanyima kungevunja haki zao za kibinadamu. Familia nyingi hukaa kimya na mgonjwa ndani kwa kuogopa kuharibu viza.

Ukihitimu hapa, tafuta mwajiri anayetoa mwaka wa kwanza wenye usimamizi, uitwao ASYE, ambao mzigo wa kesi hupunguzwa. Uulize kwenye usaili: nitaanza na kesi ngapi, nani atanisimamia, tutakutana kila baada ya muda gani? Mteja akikukataa kwa rangi yako, iandike siku hiyohiyo na umpelekee meneja. Usiibebe peke yako.

Usajili unahuishwa kila mwaka kati ya tarehe 1 Septemba na 30 Novemba, pamoja na kuandika mafunzo uliyojiendeleza nayo. Weka ukumbusho kwenye simu wa Septemba.