Kabla hujapanda paani kusafisha mifereji

Masika yakikaribia, wengi tunapanda wenyewe kuzoa majani kwenye mifereji ya bati au kuchungulia simtanki. Ngazi ikisimama wima mno itakurudisha nyuma. Ikilala mno, miguu yake inateleza. Kipimo rahisi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, vuta miguu yake mita 1 kutoka ukutani. Ncha ipite ukingo wa paa kwa kama mita 1, upate pa kushika unapovuka. Awepo mtu wa kuishika chini, na awe mtu mzima, si mtoto aliyeitwa kutoka kwenye mpira.

Juu ndiko kwenye kazi. Kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo zilipo mbao. Katikati bati hubonyea, na lenye kutu hutoboka. Asubuhi yenye umande usipande, subiri jua likaushe.

Ngazi ya alumini karibu na waya wa umeme unaotoka nguzoni? Hapana. Hata ya mbao, ikilowa, inapitisha umeme. Na ndala ziache chini, tafadhali.