IVF (mimba kutungwa maabara) Uingereza: ya NHS (huduma ya afya ya serikali) au ya kulipia?

Anza na viza, si pochi. Tangu Agosti 2017, kulipa ada ya afya ya wahamiaji (inayolipwa pamoja na ombi la viza) hakukupi IVF ya bure England. Wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi hawabanwi na sheria hiyo.

Kisha muulize GP (daktari wako wa kawaida) masharti ya bodi ya afya ya eneo lako. Mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, ulipendekeza mizunguko 3 ya IVF kwa mwanamke wa chini ya miaka 40, lakini bodi nyingi hutoa mmoja tu. Wengi hukwama kwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu) iliyozidi 30, au kwa sababu mmoja wenu ana mtoto wa uhusiano wa zamani, hata kama mtoto huyo yuko Mombasa kwa bibi yake. Sigara acheni wote wawili.

Mtego uko hapa: mzunguko uliojilipia unaweza kuhesabiwa, ukakupunguzia wa NHS. Ulizia kabla hujatoa pauni hata moja.

Una miaka 39? Foleni yaweza kukuvusha umri. Hapo kulipia kuna mantiki. Ila bei ya tangazo mara nyingi haina dawa wala kugandisha viinitete. Dai makadirio ya jumla kwa maandishi, na "nyongeza" za maabara (huduma za ziada unazouziwa) zikague kwanza kwenye tovuti ya HFEA, mamlaka inayosimamia kliniki za uzazi.